Kabla ya Kukata Ekzosi
Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi na wenye magari, Arusha

Ndugu mafundi wenzangu, wazee wa gereji mliotupokea tukiwa bado tunaoshea spana kwa petroli, shikamooni. Na nyinyi vijana ambao magari yenu tumeyasikia kabla ya kuyaona, karibuni sana. Leo nitawasema kidogo, ila msikasirike.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila fundi hapa huulizwa karibu kila wiki: nikibadilisha eya klina na ekzosi, gari litaongezeka nguvu? Wengine wanataka jibu la ndiyo au hapana. Mimi jibu langu ni swali: gari lako linabanwa wapi? Kama hujui, basi hela unayotaka kutoa unaitoa gizani. Tuanze na hesabu, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Chukua Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo wengi wenu mnayo, au mnayo ndani ya Raum au Probox. Ujazo wake ni cc 1,497, yaani lita moja na nusu. Kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili ya kranki, ile shafti kuu ya injini. Kwa hiyo kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, injini ikijaa hewa sawasawa, inameza lita 1.5 mara 3,000. Hizo ni kama lita 4,500 kwa dakika, au lita 75 kila sekunde. Karibu ndoo nne kubwa za hewa kila sekunde, kwa gari la kwendea sokoni!

Lita moja ya hewa kule pwani ina uzito wa karibu gramu 1.2. Zidisha, unapata kama gramu 88 hadi 90 kwa sekunde. Wapimaji wa injini za petroli wana kanuni yao ya kukadiria: kila nguvu farasi moja inahitaji hewa ya gramu 0.8 hivi kwa sekunde. Gawanya, inakuja farasi 110 au zaidi kidogo. Sasa fungua kitabu cha gari. Toyota wenyewe wameandika 109, kwenye mizunguko hiyohiyo 6,000.

Mmeona kilichotokea? Kanuni yangu ni ya kukadiria, siwezi kuiapia kwa farasi mmoja mmoja. Lakini inatuambia kwamba injini hii ilipotoka kiwandani ilikuwa tayari inajaza silinda zake karibu kadiri zinavyoweza kujaa. Sasa mtu anakuuzia eya klina ya koni, boksi lake limeandikwa kwamba utapata farasi kumi na tano za ziada. Muulize, kwa adabu tu, hiyo hewa ya farasi kumi na tano itakaa wapi ndani ya silinda ambazo zimeshajaa?

Na tuko Arusha, jamani. Mji huu uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ile ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kusukumia injini hewa zaidi, ikipanda kutoka pwani hadi hapa inaacha karibu asilimia 15 ya nguvu zake njiani, bila mtu kuigusa. Nimeona wageni wanafika, wanasema gari limechoka, na fundi kwa haraka anabadilisha plagi, anabadilisha pampu, anaosha nozeli. Gari halina kosa lolote. Likirudi Chalinze linapona lenyewe, na fundi anaonekana ana mkono mzuri. Ndiyo maana pia wenye Subaru za tabo hawalalamiki sana huku juu: tabo huongeza mzunguko ikafidia sehemu ya hewa iliyopungua.

Haya, sasa kupima. Nimekuja na kifaa, na msinicheke. Huu ni mpira wa levo, ule wa plastiki unaoonyesha ndani, ambao waashi hutumia kusawazisha msingi. Unapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Chukua mita tatu au nne, ukunje kama herufi U kwenye ubao, tia maji hadi nusu, weka rangi kidogo uyaone vizuri. Ncha moja iingize kwenye bomba la hewa kati ya eya klina na throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, ziba pembeni pasivuje. Ncha nyingine iache wazi ndani ya gari, kando ya abiria. Hakikisha kila upande una zaidi ya mita moja ya mpira mtupu juu ya maji, maana injini ikiyavuta hayo maji sitaki kutajwa.

Tafuta barabara isiyo na watu. Gia ya pili, kanyaga mafuta mpaka mwisho, subiri mshale wa mizunguko ufike juu. Abiria aangalie maji. Upande wa injini yatapanda, upande mwingine yatashuka. Tofauti ya vimo hivyo viwili ndiyo hewa unayonyimwa na eya klina pamoja na bomba lake.

Uzuri wa maji ni kwamba hayahitaji kompyuta kuyatafsiri. Presha ya hewa pwani inaweza kuinua maji kama mita 10. Kwa hiyo kila sentimita 10 unayoiona kwenye ubao ni kama asilimia moja ya hewa yako. Huku kwetu ni zaidi kidogo ya hapo, kwa sababu presha yenyewe ni ndogo, lakini hatugombani kwa hilo. Kwenye gari dogo lililo zima, lenye eya klina safi ya kiwandani, mara nyingi utaona sentimita 10 hadi 25. Maana yake hata ukitoa eya klina yote ukatupa, ukavuta hewa kwa tundu tupu, unachoweza kupata ni asilimia moja au mbili. Farasi mmoja, wawili. Hiyo ndiyo hazina yote iliyofichwa upande ule.

Lakini ukiona maji yamepanda sentimita 60, 70, hapo kuna jambo. Toa eya klina, pima tena bila yake. Maji yakishuka, kosa ni la eya klina. Yakibaki juu, fuata bomba. Utakuta mpira wa throto umelegea kwa uzee, ukivuta unajikunja. Utakuta kiota cha panya. Utakuta tambara ambalo fundi mmoja alisahau siku ya sevisi, na sisemi ni nani, ila yumo humu anacheka.

Hiyo ni presha. Kuna joto pia, na hapa ndipo ile koni inapomgeuka mwenye gari. Hewa hupungua uzito karibu asilimia moja kwa kila digrii tatu inazopanda. Wajapani waliweka mdomo wa kuvutia hewa mbele, karibu na taa au juu ya rejeta, ili gari livute hewa ya nje. Kijana ananunua koni, anang'oa boksi lote na mdomo wake, anaifunga koni katikati ya boneti, juu ya menifodi, yale mabomba ya moto yanayopokea moshi kutoka kwenye injini. Nje kuna digrii 30, ndani ya boneti kwenye foleni kuna 60. Amepoteza asilimia tisa ya hewa ili aokoe moja. Barabara kuu upepo ukipita hali huwa nafuu, nakubali. Ila sauti ya kuvuta imeongezeka, na masikio yanamwambia gari limekuwa na nguvu. Sikio ni shahidi mbaya sana kwenye kesi hii.

Tena ndani ya lile boksi alilotupa, au kwenye shingo yake, ndipo inapokaa sensa ya hewa. Ukiichungulia utaona waya mwembamba kama unywele. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, huupasha moto, hewa inayopita huupoza, na kutokana na umeme unaohitajika kuurudishia joto, kompyuta inajua hewa kiasi gani imeingia. Kipenyo cha ile shingo ni sehemu ya kipimo. Ukiihamishia sensa kwenye bomba pana zaidi, hewa ileile inapita polepole, sensa inasoma kidogo kuliko ukweli, mafuta yanapungua. Ukiwa unatembea taratibu, sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi itasahihisha. Ukikanyaga mpaka mwisho, kompyuta nyingi hufuata jedwali lake bila kusubiri ushauri wa oksijeni, na hapo ndipo mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inaanza kugonga. Na zile eya klina za pamba zinazopakwa mafuta, ukizidisha mafuta yanasafiri hadi kwenye waya. Gari linaanza kusita, na tunarudi kubadilisha plagi.

Kuhusu vumbi nitasema kidogo tu. Kupuliza eya klina ya karatasi kwa kompresa kutoka upande wa nje ni kusukuma mchanga ndani ya karatasi, na upepo mkali wa karibu huitoboa vitundu ambavyo macho hayavioni. Ukitaka kujua kama eya klina inavujisha, futa kwa kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande wa baada ya eya klina. Kikitoka na vumbi, pistoni zako zimekuwa zikisuguliwa na vumbi hilohilo. Na msidanganyane kwamba eya klina chafu inakunywesha gari mafuta. Kwenye kabureta ndiyo. Kwa magari ya nozeli, maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilichapisha mwaka 2009 vipimo vilivyoonyesha kwamba ulaji wa mafuta haubadiliki kwa maana yoyote, kwa sababu kompyuta hupunguza mafuta kulingana na hewa. Kinachopotea ni mchomoko.

Twende nyuma, kwenye ekzosi, ambako ndiko hela nyingi zinakozikwa.

Kuna msemo wa gereji kwamba injini inahitaji presha ya kurudi ili iwe na nguvu. Nimeusikia kwa watu ninaowaheshimu sana. Injini haihitaji presha ya kurudi hata kidogo. Kila presha iliyobaki kwenye bomba ni kazi ambayo pistoni inafanya bure. Lakini walioanza kusema hivyo waliona kitu cha kweli: waliweka bomba nene, gari likawa zito kuondoka. Kilichopotea ni mwendo wa moshi.

Valvu ya kutolea ikifunguka, moshi unatoka kwa bonge moja lenye kasi. Umewahi kuwa kwenye baiskeli lori likakupita? Unahisi unavutwa nyuma yake. Bonge la moshi linaacha uvutaji wa namna hiyo nyuma yake, na kama valvu ya kuingizia imeanza kufunguka wakati ile ya kutolea haijafunga, uvutaji huo unasaidia kuleta hewa mpya ndani. Zaidi ya hapo, kuna mawimbi ya presha yanayokimbia ndani ya bomba la moto, zaidi ya mita 500 kwa sekunde, yanafika kwenye maungio, yanarudi. Yakirudi wakati mzuri, yanasaidia. Yakirudi wakati mbaya, yanasukuma moshi ndani. Urefu wa bomba ndio unaoamua yarudi kwenye mizunguko mingapi. Ndiyo sababu menifodi ya mabomba manne yanayokuwa mawili halafu moja husaidia zaidi mizunguko ya katikati, na ile ya manne yanayoungana mara moja hupeleka nguvu juu.

Upande wa kuvuta nao una mawimbi yake. Kwenye Mark II yenye injini ya 1JZ-GE, Toyota waliweka mfumo wa ACIS, vali inayobadilisha urefu wa njia ya hewa: ndefu mizunguko ikiwa chini, fupi ikiwa juu. Na kile kiboksi kitupu pembeni ya bomba la hewa, ambacho vijana hukitoa kwa kuwa hakionekani kufanya kazi, kimepimwa kwa ajili ya mawimbi na kelele.

Kwa hiyo ukichukua ile 1NZ ukaifunga bomba la inchi tatu, moshi unapanuka, unapoa, unatembea kivivu. Ule mvuto unapungua huku chini. Pengine ukifika mizunguko 6,000 umepata kitu. Nani kati yenu anaendesha mizunguko 6,000 kutoka Kilombero hadi Sakina, humuhumu mjini? Mjini unaishi kati ya 1,500 na 3,000. Nguvu ya kuvuta ya injini hiyo, Nm 141, inafikia kilele kwenye 4,200, na ulichofanya ni kulipa ili iwe pungufu mahali unapoitumia kila siku.

Kuhusu sauti, wenye Subaru watanisamehe. Ule mrindimo mnaoupenda, najua unatoka wapi. Injini yenu ya EJ20 huwasha silinda zake kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Silinda 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande mwingine. Upande mmoja unawaka mara mbili mfululizo, kisha mwingine mara mbili. Menifodi ya zamani ilikuwa na bomba refu upande mmoja na fupi mwingine, hivyo mapigo yanafika kwenye tabo yakiwa yamepishana vibaya. Mrindimo ule ni mapigo yanayochelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye matoleo ya Japani, Subaru wakaanza kuweka menifodi yenye mabomba sawa na tabo yenye njia mbili. Tabo ikaanza kuitikia mapema, na mrindimo ukapotea. Watu wakalia! Hadi leo kuna anayelipa ili arudishiwe menifodi ya zamani.

Ila niwape haki yenu: kwenye tabo, ekzosi ni habari nyingine kabisa. Tabo huzungushwa na tofauti ya presha kabla na baada yake. Ukipanua bomba linalotoka kwenye tabo, tofauti inaongezeka, tabo inaamka mapema na kusukuma zaidi. Hapo faida ni ya kweli, unaiona kwenye mashine ya kupimia. Lakini hewa imeongezeka, na nani ameongeza mafuta? Wakati mwingine presha inapanda kupita ile iliyowekwa, kwa kuwa njia ya kupunguzia moshi haitoshi tena. EJ20 zinazokatika kingo za pistoni baada ya kubadilishiwa ekzosi mara nyingi hazikufa kwa bomba. Zilikufa kwa sababu mwenye gari alinunua bomba akaona gharama ya kupanga upya kontroli boksi ni kubwa. Kama huna hela ya vyote viwili kwa pamoja, subiri.

Na mkitaka kujua tundu la kuingizia lina amri kiasi gani, tazameni magari ya mbio yanapokuja hapo jirani Naivasha kwa ajili ya Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, haihangaiki kuhesabu farasi. Inaweka pete yenye tundu kabla ya tabo; kwa miaka mingi ilikuwa milimita 34, mwaka 2017 ikawa 36. Hewa ikishafika kasi ya sauti kwenye tundu hilo, haipiti zaidi hata uvute vipi. Uweke ekzosi ya dhahabu, pete imeshasema. Nasi tuna pete zetu bila kujua: masega yaliyoziba, kwa mfano, yale yaliyo ndani ya ekzosi ya kusafishia moshi.

Masega ndiyo mazungumzo ninayoyaogopa, kwa sababu humu kuna watu yanawalisha. Masega mazima, kwenye gari lisilo na tabo, hayali nguvu ya kuhisi. Masega yaliyoyeyuka yanaua gari: linaondoka vizuri, ukifika mizunguko 3,000 linagoma kama limeshikwa. Usikisie. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake. Gari likiwa limesimama linaunguruma, presha isizidi kama psi 1.5, ukipandisha hadi mizunguko 2,500, isizidi 3. Ikizidi, kuna kizuizi. Halafu uliza kwa nini yameziba. Masega huyeyuka kwa sababu silinda mojawapo inamisi, yaani haiwaki sawasawa, na petroli mbichi inakwenda kuwakia huko, au injini inakula oili. Ukiyatoa bila kutibu misi, umeondoa shahidi.

Na fundi akikwambia anakutolea masega bure, jua si bure. Ndani mna platinamu, paladi na rodi, na wanunuzi wake wanajulikana. Wewe unabaki na taa ya cheki injini, namba ya kosa P0420, na moshi unaochoma macho ya aliye nyuma yako.

Nimeona mkono. Mama pale anauliza ekzosi yake inatoa sauti ya tik-tik asubuhi, ikipata moto inanyamaza. Mama yangu, hiyo ni gasketi ya menifodi au ufa. Chuma kikipanuka, ufa unajiziba. Angalia kwenye maungio, utaona alama nyeusi ya masizi imetoka kama mshale. Usiiache. Kati ya mapigo, bomba huvuta hewa ya nje kupitia ufa, sensa ya oksijeni inadhani mchanganyiko ni mkavu, kompyuta inaongeza mafuta. Hapo kweli gari linakunywa. Na kama uvujaji uko chini ya sakafu, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyo ndani ya moshi, haina harufu wala rangi. Watoto wanaosinzia kiti cha nyuma huenda hawana usingizi. Gasketi hiyo ni kitu cha kwanza kununua, kabla ya chochote nilichokitaja leo.

Wenye magari ya dizeli tutaongea pembeni, yana mambo yake. Waliotaka kupima kwa mpira wa levo, tunatoka sasa hivi kwenye ile barabara ya nyuma, gari moja baada ya jingine, na abiria mmoja tu wa kusoma maji. Yule aliyebadilisha eya klina asubuhi ya leo kwa kuogopa kuaibika, tumekujua. Lete na ile ya zamani, tupime zote mbili.